Kidani cha Watu Wawili

Asubuhi ya siku ya sitini na mbili, mume wangu alitoka chumbani na mwendo wa mtu mwingine.

Nilikuwa jikoni nachambua maharage ya makande, mlango uko wazi, na pale nilipokaa naiona sebule yote mpaka kwenye kalenda. Miaka arobaini na nane nimemsikia Elihaki akitembea. Kabla ugonjwa wa Parkinson haujamwingia, huo ambao sisi huku Irindwi tunauita mtetemo, alikuwa na hatua ndefu, kisigino kwanza, mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi wa shule. Mtetemo ukaja ukazifupisha hatua, zikawa za kuburuza, kisha za kukwama, mtu anasimama mlangoni kama aliyesahau anakokwenda. Asubuhi hiyo hakuburuza wala hakukwama. Alitembea vizuri. Ila mguu wa kushoto aliutupa nje kidogo, akautua kwa ubavu, na alipofika mezani akasimama akaweka mkono kiunoni.

Nilidhani anamwiga Nanzia. Jirani yetu Nanzia ndiye anayetembea hivyo, tangu alipovunjika kifundo akishuka mlimani na mzigo wa tangawizi, mwaka ule wa mvua kubwa. Nikamkemea, nikamwambia si vizuri mtu mzima kumcheka mgonjwa mwenzake. Akanitazama hanielewi. Akasema hajamwiga mtu, ameamka tu akatembea.

Nikarudi kwenye maharage. Nikachambua, nikamimina kwenye sufuria, kisha nikayatoa nikachambua tena yale yale.

Saa nne ilipofika nikamvua kidani, maana ilikuwa zamu ya Nanzia. Kidani chenyewe ni utepe mweusi, upana wa kidole, baridi kama chura, na kwa nyuma kina vijino viwili ambavyo havichomi, vinagusa tu kisogo. Nikamvika Elihaki kile kingine, cha Nanzia, ambacho kwa macho hakina tofauti. Nikakihifadhi cha kwake ndani ya kanga nikatoka. Nyuma yangu nilisikia kijiko kimeanza kugonga kikombe, kwa sababu mikono yake haikawii kukumbuka ugonjwa.

Daktari Skolastika Kapinga alitueleza jambo hili siku ya mkutano wa kwanza, taratibu, na hata sisi wa darasa la saba tulimwelewa. Ubongo hutuma maagizo miguuni kupitia uti wa mgongo, na mtetemo huyapoteza mengine njiani. Kidani hukaa kisogoni kikisikiliza maagizo yanayopita salama. Kinajifunza. Siku agizo lisipopita, chenyewe kinajaza pengo, kinamkumbusha mtu mwendo wake mwenyewe. Vililetwa vidani thelathini, kumi na tano hai na kumi na tano bubu, na hata daktari hakujua kipi ni kipi. Mashine ya huko mjini ndiyo iliyojua. Alisema utafiti hupimwa hivyo, ili ijulikane kama kinachomwinua mtu ni kidani au ni tumaini lake tu. Akasema pia mtu mmoja, kidani kimoja. Kisha mbele ya watu zaidi ya mia mbili akatamka kwamba utafiti huu ni wetu, mali ya wana Irindwi, na kwamba anataka kamati ya wenyeji watano wa kuusimamia. Mimi nikachaguliwa mmoja wao.

Basi tulimsadiki. Kufika wiki ya tatu kila mtu alishajua vidani gani ni hai, hakuna haja ya mashine. Elihaki alikuwa anakwenda mpaka mferejini na kurudi. Nanzia, mjane, hana mtu nyumbani, alikuwa anatambaa kwenda chooni kwa magoti na viganja. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kadeghe, ndiye mgawa zamu za maji ya mfereji huu mwaka wa thelathini sasa, na hajawahi kuvumilia shamba la juu linywe huku la chini linakauka. Akatupanga wawili wawili, mwenye kidani hai na mwenye bubu, siku mbili mbili, kubadilishana saa nne asubuhi. Hakuna aliyeuona huo kuwa udanganyifu. Ambaye angekataa kugawana ndiye tungemwita mwizi. Lile neno la mtu mmoja kidani kimoja tulilichukulia kama yale maandishi kwenye chupa ya dawa ya mifugo, mtu anayasoma anapita.

*

Nanzia alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwake, mikono inacheza mapajani kama anayepepeta mchele. Kumvika kunataka subira, lazima vile vijino vikae sawasawa, na shingo ya mtu mzima ina makunjo. Nikamvika, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kwa kawaida nafika mia na ishirini. Siku hiyo nilipofika tisini aliinuka akaukata uwanja, kisigino kwanza, hatua ndefu mpaka kanga inamvuta, mikono nyuma.

Yule alikuwa mume wangu kabisa, wa miaka kumi iliyopita, ndani ya kanga ya maua.

Wanawake wawili waliokuwa wanaosha tangawizi kwenye mfereji wakaacha kazi. Mmoja akaniambia nijihadhari, maana mwenzangu ameanza kumchukua mume kuanzia miguuni. Nanzia akageuka, akaweka mkono kiunoni.

"Mwacheni mke mwenzangu," akasema. "Mume nimemwachia mzima. Nimeazima miguu tu, keshokutwa nairudisha."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi, lakini njiani kurudi nilitembea haraka kama ninayefukuzwa, na nilipofika kwenye geti sikumbuki niliwasalimu akina nani.

Nilimkuta Elihaki ameketi na kandambili zake za mpira wa gari mapajani. Alikuwa fundi viatu miaka thelathini na mitano, na hizo alizichonga mwenyewe kabla vidole havijamgomea. Sauti yake mtetemo umeinyonya, mpaka umsogelee mdomoni. Nikasogea. Alinionyesha soli ya kushoto, imelika ukingo wa nje, imekwisha upande mmoja kama sabuni. Akanionyesha na kisigino, ambako yeye amekuwa akimalizia viatu tangu nimjue. Kizima.

"Kiatu ni changu," akasema. "Kilivyolika si mimi."

Nilijua kabla hajasema. Kidani kilikuwa kimewasikiliza wote wawili na hakikujua kwamba ni wawili. Kilikuwa kinashona mwendo mmoja kutoka kwa watu wawili, na kinamrudishia kila mmoja kipande cha mwenzake. Kifundo kilichovunjika cha Nanzia sasa kilikuwa kwenye mguu wa mtu ambaye hajawahi kuvunjika.

Sikumwambia mtu. Nilifagia uwanja mara mbili mchana ule.

*

Siku ya sitini na tano Elihaki alianguka.

Tulikuwa tunakwenda kuangalia miche ya tangawizi, yeye mbele na kidani chake, mimi nyuma na kapu la samadi. Kwenye mfereji kuna magogo mawili ya kuvukia, membamba, amevuka hapo tangu utoto. Niliona yote. Mguu wa kulia ulikanyaga gogo. Wa kushoto ukaenda nje, ukatafuta mahali ambapo mguu mfupi wa Nanzia ungetua, na mahali hapo palikuwa hewa. Akaenda kwa ubavu, kiwiko kikagonga jiwe, maji yakampanda mpaka kifuani. Nilimtoa kwa kumvuta shati. Kifundo cha mkono kiliteguka, kikavimba kama kiazi.

Nilipomlaza na kumfunga kitambaa nilitoka hivyo hivyo na kanga inachuruzika, nikaenda kwa Mzee Kadeghe. Alikuwa kwenye mlango wa mfereji, ana bonge la majani na tope mikononi, anafunga maji ya shamba moja ayageuzie la pili. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Akasema ameshasikia mengine ya namna hiyo. Huko mtaa wa juu mzee mmoja anajikuna sikio vile vile anavyojikuna mwenziwe wa zamu. Akasema watu walioishi pamoja hufanana, si ajabu. Akasema zimebaki wiki tatu, kisha kila mgonjwa wa Irindwi atapandikiziwa kidani chake chini ya ngozi, hai, bila bubu hata kimoja, ndivyo mkataba unavyosema, na hapo kila mtu atatembea apendavyo. Alipolikandamiza lile bonge la mwisho na maji yakageuka, ndipo akaniangalia.

"Mama Namsifu, ukifungua mdomo, maji yanakatika kwa wote."

Nikamwambia kwamba mume wangu nusura azame kwenye maji yasiyofika magotini. Akajibu kwamba nilikuwepo nikamtoa. Hilo nalo lilikuwa kweli.

*

Kesho yake, Jumatano, Daktari Kapinga alikuja kuonana na kamati kwenye ofisi ya kijiji. Gari lake halina dereva, na lilichelewa dakika kumi kwa sababu ya kuku wa katekista, maana gari hilo halipiti mbele ya kiumbe hai, na kuku wale wameshajua. Alishuka akacheka, akatuamkia mmoja mmoja. Mimi akanishika mikono yote miwili, akaniuliza hali ya babu. Mashine ilikuwa imemwonyesha kwamba ameanguka. Nikasema aliteleza. Mzee Kadeghe akakohoa.

Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alitandika kibao chake cha kompyuta mezani, michoro ikapanda juu ya meza kama moshi wa kijani, na akatuonyesha jinsi wagonjwa wetu walivyobadilika. Kuna kitu kinamshangaza, akasema: mashine imeshamfunulia wenye vidani bubu, na hata hao huonwa njiani, siku wanatembea, siku hawatembei. Hajawahi kuona tumaini lenye nguvu namna hiyo. Mjumbe mmoja alitazama viatu vyake, mwingine dirisha.

Kisha akatueleza la mbele. Kuna wagonjwa mia sita katika mikoa minne ambao ugonjwa umefika mbali mno. Hawana tena mwendo wa kufundisha kidani. Kwa hao mafunzo ya vidani vyetu kumi na tano yatachanganywa yawe funzo moja, wapewe tayari, na watasimama siku hiyo hiyo. Watatembea mwendo wa Irindwi, akasema, na macho yake yalikuwa yana maji. Wa kwanza ni mwanamke fundi cherehani, anaishi peke yake ghorofa ya tano, hajashuka ngazi mwaka wa pili. Ameshapigiwa simu. Ameshanunua viatu.

Akasema Ijumaa atapita kwa kila mjumbe wa kamati nyumbani kwake, na kibao kitarekodi sauti yetu tukithibitisha kwamba kila kidani kimekaa kwenye shingo moja tangu mwanzo. Ni jambo la kawaida tu, akasema.

Nilirudi nyumbani nikiziona zile ngazi. Mimi ghorofa ya tano sijawahi kupanda, lakini niliziona, za saruji, na mguu wa kushoto unaenda nje.

*

Alhamisi kidani kilikuwa kwa Nanzia. Nilimpondea Elihaki makande mpaka yakawa uji mzito, nikamlisha kwa kijiko kidogo, na bado kijiko cha nne kilimkaba. Mtetemo unafika mpaka kooni, watu hawajui hilo, wanadhani ni mikono tu. Uso ulibadilika rangi. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara ya tano punje ikatoka na pumzi ikarudi kwa mlio. Tukakaa sakafuni wote wawili, mgongo ukutani. Siku za kidani hakuna hili. Siku za kidani anakula ugali na mchicha kama mtu yeyote.

Pale sakafuni nilimweleza yote, ya Mzee Kadeghe, ya mia sita, ya fundi cherehani. Nikamuuliza niseme au nisiseme.

"Unaniuliza mimi," akasema, "au unaiuliza miguu ya Nanzia?"

Nikasema namuuliza yeye. Sikumharakisha, maana siku hizo maneno nayo hukwama mlangoni.

"Mimi nikianguka, nyuma yangu uko wewe na kapu. Yule wa ghorofani, nyuma yake kuna nini?"

Kisha akaniomba makande yaliyobaki, niyaongezee maji.

Nilipomaliza kumlisha nikaenda kwa Nanzia, kwa sababu sikutaka asikie kwa watu. Alikuwa amesimama shambani, wima, anapalilia mwenyewe. Jembe linapanda na kushuka na mikono haitikisiki. Nilimwambia. Hakuacha kupalilia. Alimaliza tuta lote, akageuka kwenye lingine, na alipofika karibu yangu ndipo akasema, bila ukali.

"Elihaki wako ana mtu wa kumpiga mgongoni. Mimi nilitambaa, na uliniona."

Nikasimama pembeni ya tuta mpaka jua likaanza kuniuma kichwani. Yeye akaendelea kulima. Mwishowe nikaondoka, na sikuaga.

*

Ilikuwa desturi yetu, siku za daktari kila kidani kinarudi kwenye shingo iliyoandikwa. Ijumaa Nanzia hakukirudisha, nami sikukifuata. Tangu alfajiri nilikuwa nimeshaosha vyombo vyote, hata vile visivyotumika, nimevipanga, nimevipangua. Elihaki nilimvalisha shati jeupe. Alitaka apokee wageni akiwa amesimama, kwa hiyo nikamsimamisha mlangoni ameshika mwimo.

Gari likaja saa tatu. Daktari alishuka na kibao chake, na kabla hajamaliza kuniamkia Nanzia akaingia getini. Alitembea. Hatua ndefu, mikono nyuma, mguu wa kushoto kidogo nje. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akasimama hapo ananitazama mimi, si daktari. Daktari akamtazama yeye, kisha akamtazama Elihaki anavyotetemeka na mwimo wa mlango, kisha akatazama kibao chake ambacho kilikuwa kinamwambia kinyume. Alikuwa ameshaanza kuelewa, nadhani. Lakini alinisogezea kile kibao hata hivyo, akaniuliza swali lake kama lilivyoandikwa, kama kidani cha Elihaki Mrutu kimevaliwa na mtu mmoja tu.

"Watu wawili," nikasema. "Na vile vingine vyote vivyo hivyo."

Kibao kikalia kidogo, kimepokea. Daktari Kapinga akaketi kwenye kigoda changu cha jikoni. Hakufoka. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia wiki ya tatu. Akauliza kwa utaratibu gani, nikamwambia siku mbili mbili, saa nne, nani na nani, jozi zote kumi na tano, na mguu wa Nanzia, na soli ya Elihaki, na magogo ya mferejini. Akatoa daftari akaandika kwa mkono, ingawa kibao kilikuwa kinasikia, labda alitaka tu kitu cha kushika. Mara moja aliacha kuandika akaniuliza kwa nini hatukumwambia. Nikamwambia hakuna aliyekuwa anamficha, binti yangu, mpaka tulipoona tumekosea, na tulipoona tumekosea tukaogopa.

Akasema vidani vyote thelathini lazima virudi leo, kabla mtu mwingine hajaanguka, akampigia Mzee Kadeghe simu awaite watu. Wale mia sita watapigiwa simu wangoje. Nikamuuliza kama vitarudi huku kwetu. Akasema hajui, hilo halitaamuliwa na yeye peke yake. Akasema hata mkataba wa kupandikiza sasa hauna pa kusimama.

Nanzia alikuwa amesikia yote. Aliinua mikono yake, imetulia kabisa, akajifungua kidani mwenyewe. Mimi hunichukua muda kumvika, yeye alikitoa mara moja. Akamkabidhi daktari. Akaongeza, kwa heshima, kwamba kimefutwa vumbi. Kisha akageuka aende kwake.

Alipiga hatua nne. Ya tano haikuja. Alikwama katikati ya uwanja, kichwa kimeinama, magoti yanatikisika na nyayo zimegandamana na ardhi. Elihaki alimwona kutoka mlangoni. Sijui alitaka kufanya nini na mkono ulioteguka, lakini aliuachia mwimo akajaribu kutoka, na mguu wake ukakwama juu ya kizingiti. Nikawa nina watu wawili, mmoja mbele yangu, mmoja nyuma, wote wawili wanaweza kuanguka, na daktari ana kidani mikononi anamtazama kila mmoja kwa zamu.

Nikamwambia daktari akamshike babu. Mimi nikaenda kwa Nanzia.

Nilipitisha mkono kwapani mwake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na mwili wote ulikuwa unakimbia mahali pamoja. Wagonjwa wa mtetemo ukiwahesabia hatua husaidika wakati mwingine, tulikuwa tukifanya hivyo kabla ya vidani. Nikaanza, kwa sauti ya chini, moja, mbili.

"Usinihesabie," akasema. "Si mtoto wako."

Nikaacha. Hakuutoa mkono wangu. Jua lilikuwa limeshapanda, watu wa kwanza walianza kutokea njiani na vidani vyao mikononi, wengine wameshikiliwa, na Mzee Kadeghe nyuma yao. Walitupita. Tulisimama hapo hapo, mimi na yeye, tukingoja mguu wake utake wenyewe.